Moto Hausomi Boksi

"Waya ni waya," alisema Chitema,
akalipiga teke boksi la ishirini na tatu.
Vumbi la Ilazo likaruka, likatua palepale.
Ghorofa tisa zilikuwa zinatusubiri,
na katikati yake shimo moja refu, wazi kama koo.

Nikavuta mita moja, nikaipangusa kwa mkono wa ovaroli.
Kazi yangu huanza kwa kusoma.
Ubavuni mwa waya kuna maandishi madogo kama sisimizi,
yanajirudia kila mita, kama mtu anayeapa:
jina la kiwanda, unene, na mwishoni
herufi chache zinazosema
*moto ukija, mimi nitafanya hivi.*

Uko waya wa kutambaa chumbani tu,
ukutani hadi mezani.
Uko wa kupanda shimoni,
uliofunzwa kutoubeba moto mgongoni
kumpelekea jirani wa juu.
Na uko wa darini, inakopita hewa ya viyoyozi,
bei yake kama mahari,
ambao hata ukiungua una choyo cha moshi.

Boksi lilisema: wa shimoni.
Waya wenyewe ulisema: wa chumbani.
Mmoja wao alikuwa mwongo,
na boksi ni karatasi.

Bibi yangu kule Mvumi aliishi kwenye tembe,
paa la udongo, kimo cha mtu na kapu lake kichwani.
Jiko likishika moto, unatoka na mbuzi,
hatua tano uko nje, unakohoa, unahesabu watoto.
Tembe haina ghorofa ya saba.
Haina mtu anayepiga mihuri
juu ya moto asioujua.

Nikapanda paani na vipande viwili, kiberiti,
na Sechelela, aliyekuja kujifunza kazi.
Si kipimo cha maabara, nilimwambia,
ni cha macho tu.
Upepo wa Dodoma hauna adabu:
ulizima njiti nne, tukajibanza nyuma ya tangi la maji.

Kipande cha kwanza, nilichobaki nacho kwenye kazi ya zamani,
kiliuona moto kikanuna.
Kikawa cheusi nchani, kikanyamaza.

Cha pili kilicheka.
Kilidondosha matone yanayowaka,
kikaparamia kuelekea vidole vyangu,
kikafuka moshi mzito, harufu ya ndala jalalani,
na Sechelela akageuza uso, macho yakimchuruzika.
Hiyo ilikuwa shibiri moja.
Shimoni tulitakiwa kulaza kilomita kumi na nne.

"Lakini nani atapanda darini kusoma?"
Chitema aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliouma.
Alikuwa na madeni; mwenye jengo alishakata bei mara mbili;
na mwanawe alikuwa anarudishwa ada.
"Niambie, nani atasoma?"

Moto, nikasema.
Moto unajua kusoma.
Hausomi boksi.

Hakunijibu. Aliangalia upande wa Mlimwa muda mrefu,
kisha akaita lori.
Tukakaa wiki tatu bila malipo.
Nikakopa unga Nkuhungu, dukani kwa mama Mbeho,
na sikuwa na maneno mazuri ya kumweleza kwa nini.

Waya mwingine ulipofika niliusoma mita kwa mita
mpaka Sechelela akanicheka.
Kila sakafu tuliziba pengo kwa udongo wa kuzuia moto,
tukiukanda kama wakandikaji,
kucha zikabaki nyekundu siku mbili.

Juzi nimepita pale.
Dada mmoja ghorofa ya saba, karani, miwani kichwani,
alinifokea: mtandao wenu unakwenda kwa magoti!
Nikasema nitaangalia, dada.
Alikuwa anakula zabibu kwenye kifuniko cha plastiki,
anatema mbegu kwenye bahasha ya serikali.
Juu yake, nyuma ya vigae vyeupe vya dari,
waya ulikuwa umelala gizani,
umenuna.