Kiasi na Asili

Dalali alikuja na mabuti ya theluji
na asilimia kumi na sita.
"Bei ni laki moja na ishirini elfu," akasema.
"Kodi za mwaka, elfu kumi na tisa na mia mbili. Gawanya."
Nikagawanya. Kumi na sita, kweli.
Hesabu haikukosea,
ilikuwa tu haijavaa nguo.

Usiku, nimetoka zamu ya hospitali,
nikaivalisha mezani:
ushuru wa jiji la Erie, elfu tatu na mia nne;
bima, elfu moja na mia tano;
maji, elfu moja na mia moja;
elfu mbili za fundi, maana tanuri la chini
lilikohoa tulipolipita;
na elfu moja na mia sita, mwezi mzima wa milango mitupu,
kwa kuwa mpangaji naye ana miguu.
Zikabaki elfu tisa na mia sita.
Nane kwa mia.
Mkopo sikuuweka. Deni ni langu,
si tabia ya nyumba.

Shemeji Mahuna akacheka kwenye simu:
"Kule ziwani watu wanachukua tano,
wewe una nane unanuna?"
Tano ya ziwani, shemeji, ni bei ya usingizi.
Kiwango kikipanda, uliza
waliopita kabla yako waliogopa nini.

"Wa ghorofani mwongezee mia tatu kwa mwezi," dalali akanishauri,
"utafika kumi na moja."
Hiyo tatu ya nyongeza nilishaiona.
Ilivaa ndara za manyoya, jina lake Bi Odessa,
ina miaka kumi na tisa humo ndani
na alama za penseli mlangoni,
kimo cha wajukuu watatu,
mmoja aliacha kurefuka mwaka ule wa homa.

Mwalimu Ndimbwa, darasa la tano, alichora mstari:
juu kiasi, chini asili.
Sehemu ikikusumbua, alisema,
mbona nyote mnakimbilia juu?
Akagonga chaki chini ya mstari
mpaka ikakatika.

Nikaandika: tisini na sita elfu.
Kumi kwa mia,
na ghorofani hakuna aliyeguswa.

"Muuzaji atakasirika," dalali akasema.
Ningekuwa yeye, ningekasirika.

Leo Alhamisi. Theluji imefika dirishani.
Simu nimeilaza kifudifudi kando ya sufuria,
na wali umeanza kushika chini.