Kazi Yangu ni Kuanguka

Tulitandika magodoro kumi na manne ya bweni,
tukayafunika turubai la buluu tuliloazima kwa muuza maharage,
bado linanuka gunia.
Ukumbi wa shule ya ufundi, Mbale, Jumamosi, saa nane na nusu.
Bango mlangoni: AIKIDO, kiingilio elfu mbili.
Viti vya plastiki vimejaa watu waliokuja kuona damu.

Mwalimu Khainza ni mfupi, utosi wake unanifika begani.
Akainama. Nikainama.
Mtoto akauliza kwa sauti, "Wanasali?"
Ukumbi ukacheka, nami nikacheka ndani ya mbavu,
maana kucheka kwa nje pale ni kukosa adabu.

Kisha nikamjia.
Nilimjia kwa nguvu, Mungu shahidi,
mkono ukishuka kama mchi,
na kinu hakipo.
Kimehama. Kiko ubavuni mwangu, kimenishika kifundo
kwa upole wa mwenyeji anayemwonyesha mgeni bafu lilipo.
Nikaona dari. Nikaona miguu yangu ikinipita.
Turubai likalia kofi, paa!
Kofi lile ni la kiganja changu mwenyewe;
hilo watu hawalijui.

"Anajiangusha huyo!" akapaza kijana wa bodaboda,
kofia ya chuma mapajani. "Kalipwa ngapi?"

Simlaumu. Mji wetu unajua kusimama.
Mwaka wa tohara, kijana hupakwa unga usoni,
hutazama mbele, kisu kinapita, ukope haupepesi,
na ukoo mzima unahesabu pumzi zake.
Mjomba Wolukawu husimulia hadi leo alivyosimama.
Husimulia akiwa ameketi:
aliteleza kwenye sabuni, nyonga ikavunjika.
Kusimama alifundishwa na kijiji kizima.
Kuanguka hakufundishwa na mtu.

Nikainuka. Nikamjia tena, safari hii kwa kisu cha mti.
Tena dari, tena paa.
Mara ya tatu, ya nne, jasho linaingia machoni,
na minong'ono inazidi kunona,
mpaka mwanamke mmoja akasimama kule nyuma,
saruji imekauka kwenye sketi yake.
Namono. Anadaka matofali pale jengo jipya la soko,
anarushiwa kutoka chini, orofa ya kwanza,
mia sita kwa siku.

Hakutuambia sisi. Alimwambia yule kijana:
"Wewe hujawahi kudaka tofali.
Ukilizuia, linakula kucha.
Unalifuata kidogo, linakokwenda,
hapo ndipo linakuwa lako.
Huyu wa chini anajua. Mtazame wa chini."

Mtazame wa chini.
Miaka sita ninaanguka, hakuna aliyewahi kusema hivyo.

Mara ya tano ukumbi ulinyamaza.
Nilisikia sketi nyeusi ya Mwalimu ikikata hewa,
nikasikia maji ya Wanale, au nilidhani nimeyasikia,
yale yanayojitupa jabalini mbele ya mji mzima
na hakuna anayeyaambia pole.
Nilimpa Mwalimu uzito wangu wote, bila kubakiza senti.
Akaupokea, akauzungusha, akanirudishia.
Nikatua. Sikujua kama nimetupwa au nimetumwa.

Walipiga makofi. Namono hakupiga.
Mikono yake ilikuwa bado hewani, vidole wazi,
ikirudi nyuma polepole, na kitu kisichoonekana.

Tulikuwa tunakunja turubai kijana alipokuja,
akapandisha mkono wa shati:
kovu la kiwiko, jekundu, la barabara ya Kumi.
"Ile yenu," akasema, bila kunitazama,
"kwenye lami inafanya kazi?"

"Lami inauma," nikamwambia.
"Njoo Jumanne. Uje na godoro."