Mifuko Mia na Ishirini

Daftari la kamati lina jalada jekundu, panya wamelila pembe.
Ukurasa wa kumi na nne, mwandiko ni wangu:
Saruji, mifuko mia na ishirini. Imepokelewa.
Chini yake, Somoe Nampunju, mtunza hazina,
S yenye mkia mrefu, kama ya mtu anayejua alichosaini.

Sikuhesabu.
Lori lilifika Namkonda usiku, msimu wa korosho,
nami nilikuwa ghalani, nasubiri zamu yangu kwenye mizani.
Mwenyekiti Chitanda alinifuata na kalamu yake:
"Dada, weka hapa, dereva ana haraka."
Ilikuwa ruzuku ya tangi la mvua,
na cha serikali, tulizoea kusema, hakina mwenyewe.

Taarifa ya robo mwaka ikapanda gari kwenda Newala,
ikarudi na muhuri.
Tangi likasimama, likapakwa chokaa,
likanywa mvua moja,
na kulipokucha likawa linalia ubavuni,
uzi mwembamba wa maji, mpaka vumbi likashiba
na ndoo zetu zikabaki na kiu.

Mkaguzi alikuja kwa pikipiki, Tabia Likwawa,
binti mdogo, nyusi nyekundu kwa udongo wa njiani.
Aliomba stakabadhi. Nikampa zote,
nimezitoboa na kuzifunga kwa uzi.
"Karatasi zinaelewana," akasema. "Sasa nipeleke shuleni."

Kwetu mfuko wa saruji haufi.
Ukishamwagwa, fundi Mkwavila huukung'uta,
mwalimu huukata vipande vinne,
watoto hufunika madaftari.
Tabia akawaambia wayainue juu.
Darasa la nne likageuka kaki,
la tano, la sita.
Akahesabu kwa kidole, akarudia:
mia tatu hamsini na sita.
Akagawa kwa nne, kwa sauti, na watoto wakamsaidia.

Themanini na tisa.

Mkutanoni Chitanda alisema sana:
mvua, wezi wa njiani, wivu wa watu, mvua tena.
Mimi niliukalia mkono wangu wa kulia.
Mifuko thelathini sikujua ilikokwenda.
Mmoja niliujua.
Uliletwa kwangu kwa baiskeli, gizani, "asante ya kamati."
Upo sakafuni mwa jiko langu.
Kila asubuhi naufagia.

Ukurasa wa kumi na nne sikuuchana.
Ukae hapo, unitazame.
Jumatatu nilichukua chaki, nikaenda ubao wa matangazo,
pale pa bei ya korosho na chanjo za kuku,
nikaandika herufi kubwa, hata wa macho mabovu asome:

Iliyoandikwa, 120.
Iliyoonekana, 89.
Nyumbani kwa Somoe, 1.
Bado, 30.

Mkono ulitetemeka kwenye ile moja.
Mama Nanjota alipita na kuni kichwani,
akasoma, akasoma tena, hakunisalimu.
Mume wangu alikula chakula cha usiku uani.

Jumatano, alfajiri, kabla ya kengele ya shule,
nilikuta chini ya jina langu
mtu ameandika kwa mkaa, herufi zimelala upande:
kwangu miwili.
Hakuweka jina.

Nimefuta thelathini kwa ncha ya kanga.
Nimeandika ishirini na minane,
na chini yake nimeacha nafasi.