Kusudi la Safari

Pale Namanga afisa aliniuliza kusudi la safari.
Nikasema: Injili.
Akasema: Hilo halimo humu. Chagua, matembezi au biashara.
Nikachagua matembezi. Muhuri ukagonga.
Siku kumi na nne.

Tulitoka Tukuyu watu tisa na gitaa moja,
na katoni ya vijitabu iliyolowa kona njiani,
na Mchungaji Lusajo aliyetuonya tukiwa ndani ya basi:
Nairobi hawaombi, wanadai. Msishangae.
Kweli. Dukani nilisema, "Samahani kaka, naomba maji,"
muuzaji akatazama nyuma yangu
kama anayemtafuta huyo niliyemkosea.
Watoto wa Kariobangi wakanifuata ngazi kwa ngazi
wakiigiza: naooomba, naooomba.
Nilivuka mpaka nihubiri kwa lugha yangu mwenyewe
na lugha yangu ikanivua viatu mlangoni.

Tuligawanywa wawili wawili, kama ilivyoandikwa.
Mimi na Subilaga tukapewa jengo moja refu la mawe.
Mlango wa kwanza: tumeokoka tayari, asanteni.
Wa pili: redio ikaongezwa sauti.
Wa tatu: kijana aliyetaka kujua
ni nani hasa aliyezoa samadi ndani ya safina
siku zote zile.
Sikujua. Bado sijui.

Mlango wa nne, Mama Apondi
hakungoja niseme Bwana asifiwe.
"Mko wawili? Vizuri. Weka hizo karatasi. Shika miguu."

Mumewe alikuwa mrefu kuliko kitanda,
mwepesi kama mwavuli uliofungwa.
Godoro lilikuwa limelowa upande wa ukutani.
Nikashika miguu. Visigino baridi.
Na kwa kuwa kwetu humgusi mzee kabla ya salamu,
mdomo ukaitangulia akili:
"Shikamoo, baba."

Bomba lilikuwa likidondosha ndani ya ndoo.
Tone. Tone.
Kisha, kutoka chini kabisa ya kifua:
"Marahaba."

Mama Apondi akasimama, shuka mkononi.
"Hajasema neno tangu Ijumaa."
Halafu, karibu kwa hasira:
"Alikuwa fundi wa reli Tabora,
kabla serikali hazijagawana mabehewa.
Hiyo salamu ni ya huko. Mimi sijawahi kumwamkia hivyo.
Mimi ni mkewe."

Subilaga akafungua kinywa aseme muujiza,
nikamkanyaga kidole.
Tukageuza godoro. Tukafua shuka mbili,
tukazianika juu ya paa, upepo ukitutia moshi wa jaa machoni.
Tuliporudi, kijitabu kimoja kilikuwa kimekunjwa mara nne
chini ya mguu wa meza,
na meza imetulia.

Jioni, fomu ya ripoti:
Nyumba zilizotembelewa. Walioombewa. Waliookoka.
Niliandika nne, sifuri, sifuri.
Mchungaji Lusajo akanitazama juu ya miwani,
akatazama fomu,
akaiweka chini kabisa ya zile nyingine.

Nilirudi mara sita, bila katoni.
Shikamoo, baba.
Siku mbili alijibu. Siku tatu alinitazama tu.
Na siku moja aliniita Mwanne,
taratibu, kama anayejaribu ufunguo wa zamani,
na Mama Apondi akapanda juu
kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sikumfuata. Nilikaa pale nikiwa Mwanne
mpaka mzee akalala.
Kama ni dhambi, sijui niiandike safu gani.

Namanga tena, afisa mwingine.
"Matembezi yalikuwaje?"
Vidole vyangu bado vilinuka sabuni ya mche.
"Nilishika miguu," nikasema.
Alikuwa ameshagonga muhuri
na anamwita anayefuata.