Waya wa Muda

Machi, Gyumri. Theluji imekalia kingo za ua
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimeinua boneti ya Niva, nimetega beseni chini,
lile la kuchachushia kabichi.
Mama mkwe asijue.

Injini imelala baridi tangu jana. Hapo sina mzaha.
Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka;
nyoka wangu mimi alikuwa mvuke,
mwezi wa nane, njia ya Ashotsk,
na kiwiko bado kinamkumbuka.

Mpira wa chini ndio mbovu.
Ukiuminya unalia kwaru, kwaru,
kama mkate wa juzi.
Na pale palipostahili klampu
pana waya, umezungushwa mara nne,
ncha zimesokotwa kwa koleo.
Kazi ya Vardges. "Ni wa muda tu," alisema,
Nazeli akiwa hajaota hata jino.
Leo Nazeli ananishikia tochi
huku akitafuna bigijii kwa meno ya ukubwani.

Nampigia. Yuko Novosibirsk, juu ya ghorofa za watu,
upepo unakula nusu ya maneno yake.
"Ngoja nirudi Novemba. Usiguse hiyo—"
Simu ikakata.
Nikagusa.

Neno *muda* silisomewi na mtu.
Baada ya tetemeko mama alipewa kontena la chuma:
miaka miwili, wakamwambia.
Nilizaliwa humo.
Nikaolewa kutoka humo.
Mzabibu alioupanda mlangoni ulitoboa sakafu
ukaingia ndani kutafuta joto.

Waya nimeukata. Mpira hautoki,
umeng'ang'ania shingo ya pampu kama kupe.
Nikauchana kwa kisu cha mkate (hilo nalo mama mkwe asijue),
ukaachia ghafla,
maji ya rangi ya chai iliyolala
yakanipanda mkononi hadi kwapani.
Nazeli akacheka, tochi ikacheza,
nikamfokea,
nami nikacheka.

Serob akachungulia juu ya ukuta:
"Mafundi wapo, ujue."
Wapo. Na bei zao zipo.

Nikaisugua shingo kwa msasa hadi ikang'aa.
Mpira mpya nikauogesha maji moto ya birika;
ukalainika, ukaingia ukinung'unika,
ukakaa sawasawa,
ndipo nikaona klampu mbili mezani, zinanitazama.
Zilitakiwa zivae kwanza.
Nikavua. Nikaanza upya.
Bisibisi, robo mzunguko, robo tena, basi:
ukiikaza kwa hasira inaukata mpira
uliotaka kuulinda.

Maji mapya, ya buluu. Nikawasha.
Hita ikatupulizia baridi tupu.
Kuna hewa imenaswa mahali.
Nikaukamua mpira wa juu kama chuchu ya ng'ombe,
bwabwa, bwabwa, rejeta ikacheua,
na joto likaja polepole
na harufu ya vumbi lililoungua.
Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia.

Simu inaita. Novosibirsk.
Iite. Mikono ina grisi.

Chini ya klampu ya pili limening'inia tone moja.
Nalitazama. Halianguki.
Nazeli naye ameinama, analitazama.
"Tunalingoja mpaka lini?"
"Zima tochi," nikamwambia. "Unamaliza betri."