Herufi Nane

Tulivua viatu mlangoni, soksi zikatoa siri zetu,
na Madamu Nyanjige akatunusa vidole mmoja mmoja.
Aliyetoka kuanika dagaa alirudishwa bombani,
sabuni ya mche, mara mbili,
maana kompyuta, alisema, ni mali ya wafadhili
na haipendi shombo.

Zilikuwa nne. Moja haikuwaka hata siku moja,
lakini nayo tuliifuta vumbi, tukaivika kitambaa cha kufuma,
kile ambacho nyumbani kilivaliwa na redio.
Chumba kilikuwa stoo ya majembe.
Dirishani, jiwe la Kitangiri na mjusi kafiri juu yake
akipiga pushapu kichwa chekundu,
na chini kabisa kipande cha ziwa, upana wa rula.
Msimu wa wadudu wa ziwani
kioo kilijaa nukta zinazotembea;
hukujua ipi ya mchezo, ipi ya Mungu.

Mchezo ulikuwa mmoja: chura, mto, majani yenye namba.
Saba mara nane?
Umrushe kwenye hamsini na sita
kabla mamba hajafumbua jicho la pili.
Ukikosea, chubwi!
Anaibuka na maji puani, anasema: Trai ageni.
Tulidhani ni jina lake.
Darasa la Tano B lote lilimwita Traiageni,
tukamsalimia tukiingia.

Watatu kwa kipanya kimoja, dakika saba.
Mimi mkono, Ndalahwa kichwa,
na Limi kazi yake kumuuliza Madamu maswali marefu
ili asitazame saa.

Usiku, kwetu bondeni Kirumba,
vyura wa kweli walipiga kelele hadi alfajiri
na hakuna hata mmoja aliyeijua saba mara nane.
Niliwaonea huruma.

Ukishinda, mchezo uliuliza jina.
Nafasi nane, basi.
NDALAHWA. Alitosha,
alitosha kama mguu ndani ya kiatu cha sikukuu.
Nami nikaandika Nyamhanga, A ya mwisho ikagoma,
nikabonyeza hadi kidole kikauma.
NYAMHANG.
Wiki nzima waliniita hivyo,
kama mtu aliyekatizwa chafya.
Ndalahwa akaninong'oneza: A yako ipo, imeingia ndani tu.
Nikachungulia nyuma ya mashine, katikati ya nyaya.
Buibui. Ganda la peremende.

Siku umeme ulipokatika chura alikuwa hewani,
kati ya arobaini na tisa na hamsini na sita.
Kioo kikajikunja kikawa nukta moja nyeupe,
kisha hata nukta ikaenda.
Tulikaa kimya, viganja mapajani,
tukisubiri atue.

Transfoma ilikuwa imekufa. Muhula mzima.
Na ndani ya muhula huo baba yake Ndalahwa akapata kazi Geita,
mgodini. Walihama Jumanne,
godoro juu ya pikapu. Hatukuagana.
Umeme uliporudi tulikuwa Darasa la Sita,
na chumba kile kilikuwa cha watoto wa Tano.

Sasa nakatisha tiketi kivukoni Kamanga.
Mashine ya ofisi nayo inapenda majina mafupi;
nimezoea kuwakata watu mikia
bila kuwaambia.
Juzi mtu aliinama dirishani:
Ndalahwa, akasema. Mmoja, na mbuzi.
Vidole vikaganda. Nikainua macho:
mzee, kofia ya sufi, meno mawili, haraka zake.
Nikaandika. Herufi nane, zikatosha.
Kisha nikakosea chenji, nikaanza kuhesabu upya.
Trai ageni, nikasema, kumbe kwa sauti,
na mzee akadhani namwita mtu,
akageuka kutazama foleni nyuma yake,
na mbuzi naye
akageuka.