Sikio la Bi Tatsue

Nimeikodi kwa siku mbili. Duka la Sapporo
limenipa risiti na onyo: ukiikwaruza, umeinunua.
Milimita themanini na tano, tundu pana kama jicho la bundi,
uzito wa mtoto njiti.
Bei yake yeni laki tatu na elfu tisini.
Naitaja polepole, maana nilipoitaja haraka
ilisikika kama namba ya simu.

Pesa hizo ni matairi manne ya theluji
na paa la studio upande unaovuja,
na chenji ya mafuta ya taa hadi Machi.
Mume wangu Nobuyasu hakusema kitu.
Alikohoa tu, akalisogeza daftari la hesabu karibu na bakuli langu;
na mtu akikusogezea daftari wakati wa supu
amekwisha kuhutubia.

Lenzi ya zamani ni ya baba. Ina kuvu pembeni,
uzi mweupe, mvi ndani ya kioo.
Nayo nimewapiga nusu ya wazee wa Rumoi
picha ya mwisho, ile ya kuwekwa juu ya jeneza, watu wakiinama.
Huku huja wenyewe, wangali wazima, shati limepigwa pasi:
"Nipige sasa, wasije wakanichagulia ile ya harusi ya mpwa wangu,
mdomo umejaa wali."

Jumamosi akaja Bi Tatsue Kuwahata, mjane wa kinyozi.
Nikamwambia nina lenzi mpya. Ya kukodi sikusema.
Nikafungua tundu lote.

Jamani.
Ukuta wangu wenye ufa ukayeyuka ukawa maziwa.
Waya, ndoo, kalenda ya benki, vyote vikafutika
taratibu, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala.
Likabaki jicho la kushoto:
kope moja moja, unyevu, dirisha dogo ndani ya mboni,
na mimi, mdogo zaidi, ndani ya dirisha.
Miaka ishirini na miwili ya kazi. Kumbe nilikuwa napiga nyuso.

Bi Tatsue akavaa miwani, akatazama skrini.
"Sikio langu liko wapi?"
Liko nyuma kidogo, nikasema, limeingia ukunguni.
Akacheka hadi meno ya bandia yakacheza.
"Basi ina akili lenzi yako. Sikio hilo halijasikia tangu mwaka juzi."

Kisha akanyamaza.
"Na kiti?"
Kiti cha kunyolea cha marehemu. Vijana wawili walikishusha
kutoka kwenye pikapu wakitukana kimyakimya.
Pichani kilikuwa doa jekundu,
zuri, lisilo la mtu yeyote.
"Umekikoroga," akasema.

Husemwa macho hayana pazia. Hili linalo,
na pazia ndilo la laki tatu na elfu tisini.

Nikakaza tundu hadi nane. Kiti kikarudi,
ngozi iliyopasuka, mkono wa chuma uliolainishwa na viganja.
Ufa nao ukarudi. Ndoo ikarudi.
Kwa tundu nane hata ya baba ingetosha.

Akachagua ya kiti iende juu ya jeneza.
Ya jicho akaomba nimchapie ndogo, ya mkobani.
"Hii si ya waombolezaji."

Usiku nikapiga hesabu: macho mia moja na thelathini
ndipo nilipe jicho moja.
Mji wenyewe unapungua. Wazee wataisha kabla ya deni.

Leo asubuhi nimeirudisha. Kijana wa duka akaimulika kwa tochi,
akapiga mhuri, hakuuliza zaidi.
Ndani ya basi nimetia mkono mfukoni kutafuta leso
nikagusa kitu cha mviringo, cheusi, chepesi:
kifuniko chake.

Nilisahau.
Naapa nilisahau.
Itabidi nirudi.